Hatua 166 za Parasetamoli

Kazi huanza kwa kufuta. Mwalimu anachora kwanza molekuli nzima ya parasetamoli kwenye daftari la miraba, kila atomu mahali pake: kaboni 8, hidrojeni 9, nitrojeni 1, oksijeni 2. Akishamaliza anashika raba na kuziondoa hidrojeni zote tisa, moja baada ya nyingine, huku akipuliza vumbi la raba kila anapomaliza upande mmoja. Zinabaki atomu 11. Hapo anafuta mstari wa pili wa kile kifungo maradufu kati ya kaboni na oksijeni, anafuta mistari ya ziada ndani ya pete, na mwisho kabisa anafuta herufi zenyewe, C, N na O, na kuweka nukta mahali pake. Ukurasani panabaki nukta 11 na mistari 11: katikati pete ya pembe sita, upande mmoja mkia wenye panda mwishoni, upande wa pili kijiti kifupi.

Wanahisabati huuita mchoro wa namna hii grafu. Una nukta, na una mistari inayosema nukta ipi imeshikana na ipi, basi. Mstari ukiwa mrefu au mfupi ni mamoja. Pembe ikiwa kali au butu ni mamoja. Mwalimu huuchora upya mkia ule ukiwa umepinda kuelekea juu, kisha ukiwa umenyooka, kisha umelala chini ya pete, na kuwauliza wanafunzi ni molekuli ngapi wameziona. Jibu ni moja.

Hufundisha kemia ya dawa, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, na mezani kwake hakuna zaidi ya rula fupi ya plastiki, raba, na penseli mbili: ngumu ya kuchorea, laini ya kuandikia namba. Anachofundisha kwa vifaa hivyo ni kukisia tabia za dawa kabla mtu hajaipika maabarani: itayeyuka kwenye maji au itakwepa maji, itapenya ukuta wa utumbo au itabaki tumboni, itaua kijidudu au itakiacha. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta kwa mamilioni ya molekuli kwa mkupuo. Lakini yeye hamruhusu mwanafunzi kugusa kibodi kabla hajaifanya moja kwa mkono, hadi mwisho.

Na hamruhusu kugusa dawa kabla hajapita kwa Wiener.

Mwaka 1947 Harry Wiener, kijana wa Brooklyn College huko New York, alichapisha makala fupi juu ya viwango vya kuchemka vya parafini, yaani jamii ya kemikali zinazopatikana kwenye gesi ya kupikia na mafuta ya taa. Hizi ni molekuli rahisi kuliko zote za kuanzia, kwa sababu zina kaboni na hidrojeni tu. Ukizifuta hidrojeni, unabaki na nukta za aina moja. Swali lake lilikuwa hili: pentani ina kaboni tano, na kaboni tano zinaweza kuungana kwa njia tatu. Zikijipanga mstari mmoja, kimiminika hicho huchemka kwenye nyuzi 36 za Selsiasi. Kaboni moja ikihamia ubavuni, huchemka kwenye 28. Zikikaa nne kuizunguka moja iliyo katikati, huchemka kwenye 9.5. Atomu ni zile zile, uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni nani kamshika nani. Je, mtu anaweza kuuona huo mpishano wa nyuzi kwenye mchoro peke yake?

Njia yake naiona nzuri hasa kwa sababu haihitaji chombo chochote. Chukua pentani iliyonyooka. Ina vifungo vinne. Kata cha kwanza kwa mawazo: upande mmoja imebaki kaboni 1, upande wa pili 4. Zidisha, upate 4. Rudisha kifungo, kata cha pili: 2 kwa 3, ni 6. Cha tatu ni 6 tena, cha nne 4. Jumlisha: 20. Sasa ile yenye tawi ubavuni. Vifungo vitatu vinaishia kwenye kaboni ya pembeni, kila kimoja 1 kwa 4, jumla 12. Kile cha ndani ni 2 kwa 3, yaani 6. Jumla 18. Ile ya duara haina cha ndani: vifungo vinne, kila kimoja 4, jumla 16. Ishirini, kumi na nane, kumi na sita. Na viwango vya kuchemka navyo vinashuka kwa mpangilio huo huo.

Ukitazama vizuri, namba hiyo ni jumla ya hatua zote kati ya kila kaboni na kila kaboni nyingine, ukitembea juu ya vifungo bila kuruka. Molekuli iliyonyooka ina safari ndefu ndani yake. Iliyojikunja ina safari fupi. Nayo iliyonyooka hugusana na jirani zake kwa ubavu mzima, kwa hiyo huhitaji moto zaidi ili kuachana nao, ilhali ile ya duara hugusa kidogo tu na kuondoka mapema. Hesabu ya hatua inapima mgusano huo kwa mlango wa nyuma.

Lakini Wiener hakutosheka na namba moja, na hapo ndipo mwalimu hupunguza mwendo. Anawachorea wanafunzi heptani mbili. Ya kwanza ina kaboni ya katikati yenye mikono mitatu, kila mkono kaboni mbili. Anakata vifungo: cha nje 1 kwa 6, cha ndani 2 kwa 5, jumla ya mkono mmoja ni 16, mikono mitatu ni 48. Ya pili ni mstari wa kaboni tano wenye tawi kwenye kaboni ya pili na tawi kwenye ya nne. Vifungo vinne vya pembeni vinaleta 24, viwili vya ndani ni 3 kwa 4 kila kimoja, vinaleta 24 nyingine. Jumla 48. Namba ni moja, ilhali ya kwanza huchemka kwenye nyuzi 93.5 na ya pili kwenye 80.5. Nyuzi 13 zimepotea mahali fulani.

Wiener alizipata kwa kuhesabu kitu cha pili: jozi za kaboni zilizotengana kwa hatua tatu kamili. Kwenye ile ya mikono mitatu, kila ncha iko hatua tatu kutoka kaboni za ndani za mikono miwili mingine, kwa hiyo jozi ni 6. Kwenye ya pili ni 4, sawa na heptani iliyonyooka. Kanuni yake ndiyo hii: gawanya 98 kwa mraba wa idadi ya kaboni, zidisha kwa tofauti ya jumla za hatua kati ya molekuli iliyonyooka na hiyo yako, kisha chukua tofauti ya zile jozi, zidisha kwa 5.5, ujumlishe. Jibu ni nyuzi ambazo molekuli yako itachemka mapema kuliko ile iliyonyooka.

Mwalimu anaifanya ubaoni bila haraka. Kaboni ni 7, mraba wake 49, 98 gawanya kwa 49 ni 2. Heptani iliyonyooka ina hatua 56. Tofauti na 48 ni 8. Mara 2 ni 16. Kwa ile ya mikono mitatu, jozi ni 4 toa 6, yaani hasi 2, mara 5.5 ni hasi 11. Kumi na sita toa kumi na moja ni tano. Iliyonyooka huchemka kwenye 98.4, kwa hiyo hii itachemka kwenye 93.4. Kipimajoto kinasema 93.5. Kwa ile ya pili, jozi hazikubadilika, kwa hiyo anatoa 16 peke yake: 82.4, na kipimajoto kinasema 80.5. Hapa anaweka chaki chini na kuwaacha waitazame hiyo tofauti ya nyuzi mbili. Hapendi ipitwe haraka eti kwa sababu ile ya kwanza imetoka vizuri.

Kanuni hiyo ya kukata vifungo ina mpaka: inafanya kazi mahali pasipo na pete. Ukikata kifungo kimoja cha pete, molekuli haigawanyiki, inakatika tu na kubaki kipande kimoja. Na dawa karibu zote zina pete. Kwa hiyo anaporudi kwenye parasetamoli hakuna njia ya mkato. Ni jedwali.

Anazipa nukta namba. Ile kaboni ya mwisho wa mkia ni 1, kaboni ya penye panda ni 2, oksijeni yake 3, nitrojeni 4. Pete inaanzia pale nitrojeni inapoishika, 5, na kuzunguka mpaka 10. Oksijeni ya upande wa pili, iliyoshikwa na nambari 8, ni 11. Anapiga rula jedwali la safu 11 kwa 11, anajaza sufuri kwenye mshazari, kwa sababu hakuna safari kutoka nukta kwenda kwenye nukta hiyo hiyo. Kisha anaanza na safu ya kwanza, ncha ya penseli ikitembea kwenye mchoro kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukiandika: kwenda 2 ni hatua 1; kwenda 3 ni 2; kwenda 4 ni 2; kwenda 5 ni 3; 6 ni 4, 7 ni 5, 8 ni 6; na 9 ni 5, si 7, kwa kuwa unazunguka pete upande mwingine; 10 ni 4; na 11 kule mwisho ni 7. Jumla ya safu: 39.

Pete ndiyo mtego. Kutoka 5 kwenda 9 kuna njia mbili, moja ya hatua nne kupitia 6, 7 na 8, nyingine ya hatua mbili kupitia 10. Umbali ni ule mfupi daima. Mwanafunzi aliyekuwa amekaa mbele aliandika 4, na mwalimu hakumsahihisha. Alimngoja afike safu ya tisa, ambako kutoka 9 kwenda 5 kijana aliandika 2, na jedwali likajisema lenyewe kwamba kwenda si sawa na kurudi. Hiki ndicho kipimo chake cha kwanza: upande wa juu wa mshazari lazima ufanane na wa chini, namba kwa namba. Kwa sababu hiyo hujaza safu zote kumi na moja, ingawa nusu ingetosha. Nusu ya pili ni ya ukaguzi.

“Mwalimu, kwani kompyuta si inaifanya hii mara moja?” aliuliza yule kijana.

“Inaifanya, baba. Wewe maliza hiyo, halafu tuilinganishe na ya kwako.”

Safu zikishajaa, jumla zake zinaanza kusema. Nukta 5, pale mkia unaposhikana na pete, ina jumla ndogo kuliko zote, 22: ndiyo kitovu cha molekuli. Nukta 11, oksijeni ya mwisho, ina 40: ndiyo ukingo. Nukta 1 na 3 zina 39 kila moja. Nukta 6 na 10 zina 25 kila moja, 7 na 9 zina 28 kila moja, na lazima iwe hivyo, kwani pete ina ubavu wa kulia na wa kushoto uliofanana. Jumla ya zote ni 332, na kwa kuwa kila safari imehesabiwa mara mbili, kwenda na kurudi, nusu yake ndiyo jibu: 166. Jozi 55 za atomu, hatua 166. Wastani ni tatu na kitu kidogo mno.

Namba hiyo ikiwa peke yake haijasema lolote kuhusu dawa. Hapa ndipo wengi hukosa subira na kudhani kuna siri ndani ya 166. Hakuna. Namba huanza kuwa na maana ikiwekwa kando ya namba za ndugu zake, kemikali makumi kadhaa zilizopimwa maabarani kwa jasho. Mtu anatikisa kemikali kwenye chombo chenye maji na oktanoli, kimiminika chenye tabia ya mafuta, anaacha vitengane, anapima kilichobaki kila upande. Parasetamoli, kwa mfano, hukaa upande wa oktanoli karibu mara tatu kuliko upande wa maji. Kipimo hicho kinaashiria jinsi dawa itakavyopita kwenye kuta za mwili, ambazo ni za mafuta. Ukiwa na vipimo vya kutosha unatafuta mstari unaounganisha namba za mchoro na namba za chombo, unaficha baadhi ya kemikali ili mstari usizione, kisha unauuliza juu ya zile zilizofichwa. Ukikosea kwa hizo zilizofichwa, hujajua kitu, hata kama zile ulizozitumia zimekaa juu ya mstari kama ulivyotaka.

Na mistari ya kwanza ilikosea sana kwenye dawa, kwa sababu iliyo wazi: tulifuta mno. Nukta 1 na nukta 3 za parasetamoli zina jumla moja ya 39, lakini moja ni kaboni inayochukia maji na nyingine ni oksijeni inayoyapenda. Historia ya miaka iliyofuata, kwa macho yangu, ni historia ya watu wakirudisha walichofuta, kidogo kidogo, kila mmoja akiangalia asirudishe kupita kiasi.

Milan Randić, mwaka 1975, alianza kwa kuvipa vifungo uzito tofauti. Kwa kila kifungo, hesabu nukta ya upande huu ina majirani wangapi na ya upande ule wangapi, zidisha, tafuta kipeo cha pili, gawanya 1 kwa jibu hilo. Kifungo kilicho pembeni, penye nafasi, kinapata uzito mkubwa, na kilichobanwa katikati ya matawi kinapata mdogo. Kwenye parasetamoli vifungo vitatu ni vya majirani 1 na 3, sita ni vya 2 na 3, viwili ni vya 2 na 2. Jumla yake ni 5.18. Mwaka uliofuata Lemont Kier na Lowell Hall walitoa kitabu kizima kuhusu njia hii na utafiti wa dawa, na wao ndio waliorudisha majina ya atomu kwa ujanja unaonifurahisha: badala ya kuhesabu majirani, hesabu elektroni za nje za atomu, kisha toa hidrojeni ilizozishika. Ghafla ile kaboni ya mwisho wa mkia inapata 1 na oksijeni ya penye panda inapata 6. Ile oksijeni ya nukta 11, kwa kuwa ina hidrojeni moja, inapata 5. Hidrojeni tisa zilizopeperuka na vumbi la raba zimerudi, ila zimerudi kama namba.

Kuna kazi nyingine ya mkono ambayo mwalimu huifanya, na hii ndiyo inayowaingiza wanafunzi kwenye mashine za leo. Ni ya mwaka 1965. H. L. Morgan, wa Chemical Abstracts Service kule Ohio, alihitaji njia ya kuhakikisha kwamba molekuli moja haisajiliwi mara mbili kwa sababu tu imechorwa kwa namna mbili. Njia yake: kila nukta ianze na idadi ya majirani zake. Kisha kila nukta isahau namba yake na kuchukua jumla ya namba za majirani. Rudia.

Tazama nukta 6 na 7 kwenye pete. Mwanzoni zote zina 2. Baada ya mzunguko wa kwanza zote zina 5, bado huwezi kuzitofautisha. Mzunguko wa pili, 6 inapata 11 na 7 inapata 10. Zimeachana, kwa sababu moja iko karibu na mkia na nyingine iko mbali, na habari hiyo ilihitaji mizunguko miwili kufika, kama habari za msiba zinavyotembea mtaani nyumba hadi nyumba. Nukta 6 na 10 haziachani hata urudie vipi, na ni sawa zisiachane. Nukta 1 na 3 nazo haziachani, 3 na 3, kisha 4 na 4. Na hilo si sawa, ndiyo maana lazima herufi zirudi.

Mitandao ya kompyuta inayotabiri dawa leo hufanya kitu hicho hicho kwa mfuko mkubwa zaidi. Kila nukta hubeba orodha ya namba: ni atomu gani, ina hidrojeni ngapi, imo kwenye pete au la. Kila mzunguko hupokea orodha za majirani, zikiwa zimezidishwa kwa vizidishio ambavyo hakuna mtu aliyeviandika. Mashine yenyewe huvirekebisha kidogo kidogo kila inapokosea. Baada ya mizunguko michache orodha za nukta zote hujumlishwa kuwa moja, na kutokana na hiyo hutoka jibu. Mwaka 2017 Justin Gilmer na wenzake walionyesha kuwa njia nyingi zilizokuwa zikipewa majina tofauti ni mwendo huu mmoja wa kupelekeana ujumbe.

Ushahidi maarufu wa kazi hiyo ulitoka MIT, Marekani, mwaka 2020. Watafiti walianza na molekuli 2,335 walizozipima wenyewe dhidi ya bakteria E. coli, ipi inazuia ukuaji na ipi haizuii. Mtandao ukajifunza kutoka hizo, kisha ukapewa orodha ya molekuli zipatazo 6,000 zilizowahi kuchunguzwa kwa magonjwa mengine. Walichukua 99 zilizopewa alama za juu na kuzirudisha maabarani, moja moja, kwenye vijishimo vya sahani za plastiki. Hamsini na moja zilifanya kazi. Kati yake ilikuwamo moja iliyokuwa imechunguzwa zamani kwa ajili ya kisukari na kuachwa, wakaiita halicin. Iliua bakteria kadhaa sugu kwa namna isiyofanana na viuavijasumu vilivyozoeleka. Mimi hushangazwa zaidi na zile 48 zilizoshindwa, na kwamba walizichapisha. Karibu nusu ya makisio bora ya mashine yalikuwa hewa, na njia pekee ya kujua ni mtu kukaa na kudondoshea vijishimo.

Barani kwetu kazi hii inafanyika Chuo Kikuu cha Cape Town, kwenye kituo cha H3D alichokianzisha Mzambia Kelly Chibale mwaka 2010. Kwa kushirikiana na shirika la Ersilia wamejenga mfululizo wa makisio ya namna hii, kwa vimelea vya malaria na bakteria wa kifua kikuu, na pia kwa mambo yasiyo na sifa lakini yanayoua dawa nyingi njiani: kuyeyuka, kupenya, sumu kwa seli. Mkemia wao akipendekeza molekuli kumi, mfululizo humwambia zipi zianze kupikwa. Kuipika moja huchukua wiki. Hapo ndipo thamani ya hesabu inapoonekana.

Somo la mwisho la mwalimu ni praziquantel, ile dawa ya kichocho inayojulikana na kila mtoto aliyesoma shule za kando ya Ziwa Victoria kwa ukubwa wa kidonge na uchungu wake. Anaichora, anafuta, anabaki na nukta 23 na pete nne. Jozi ni 253, na hizi hazijazi kwa mkono, anawapa kompyuta. Halafu anawaambia kuwa kidonge hicho ni mchanganyiko wa molekuli mbili, nusu kwa nusu, zinazotazamana kama mtu na taswira yake kwenye kioo. Moja humshambulia mnyoo. Nyingine karibu haifanyi lolote, na ndiyo yenye mchango mkubwa katika uchungu ule. Wanafunzi wanakokotoa jumla ya hatua za ya kwanza, kisha za ya pili. Namba ni ile ile. Wanakokotoa ya Randić, ya Kier na Hall, mizunguko ya Morgan. Vyote vinafanana mpaka desimali ya mwisho, kwa sababu kushoto na kulia vilifutwa siku ya kwanza pamoja na pembe, na hakuna aliyevirudisha.

Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa maoni ya kuunga mkono kidonge cha watoto chenye ile nusu inayofanya kazi peke yake, baada ya majaribio yaliyofanyika Kenya na Côte d’Ivoire. Kuzitenganisha nusu hizo kiwandani ni kazi ngumu. Kuzitenganisha kwenye grafu kunahitaji alama moja kwenye nukta moja. Katika maandishi ambayo kompyuta husoma molekuli, alama hiyo ni @ kwa mkono mmoja na @@ kwa mwingine, na ukiisahau programu hailalamiki, inakupa jibu. Mwalimu hukusanya karatasi za wanafunzi na kuanza kuzikagua kwa kutafuta alama hiyo kwanza, kabla hajatazama namba yoyote.